Waya wa Jikoni kwa Askale

Bibi Askale wa Dessie alikuwa hakopi, haombi, na kusema samahani hakujua. Nyumba yake ya udongo ilipopasuka ukuta hata mkono ukapita, hakungoja ushauri wa mtu. Alikwenda mwenyewe ofisi ya umeme akawaambia waje wakate, anabomoa. Karani akamtajia ada ya kung'oa mita, na ada nyingine ya kuirudisha nyumba mpya ikisimama.

"Yaani nilipe muondoke, halafu nilipe mrudi? Hata marehemu mume wangu hakuthubutu!"

Akalipa. Fedha zilizobaki, birr chache, alizifunga kwenye pindo la shuka yake nyeupe. Hizo zilikuwa za mlango wa chuma, aliokuwa akiuota tangu ujana wake.

Siku ya kubomoa, Gizachew, mkubwa wa mafundi, alimwuliza, "Mama, umeme umekatwa wote?"

"Wote. Mita unaiona? Au unataka nami wanikate?"

Mafundi wakacheka, wakapanda na masururu kuezua mabati. Askale akaketi ng'ambo ya njia akakaanga kahawa. Alipoinua uso kuukwepa moshi, akauona: waya mweusi umetoka dirishani kwa jirani yake Mulunesh, umezama chini ya paa la jiko.

Zamani jiko la umeme la kuokea mikate ya injera lilipoishinda nguvu mita yake, Mulunesh ndiye aliyempa waya wa umeme toka kwake, naye akampa Mulunesh maji, bomba likapita chini ya ua. Mtaa wote uliishi hivyo. Kisha wakagombana kwa ajili ya kuku wa Pasaka, wakaacha hata kusalimiana, ila hakuna aliyekata cha mwenzake. Na kitu usichokitaja, mwisho hukioni.

"Shukeni!" akapiga kelele.

"Umeghairi, mama?" Gizachew aliuliza, sururu juu.

"Shuka, nimesema! Usiguse hapo!"

Akavuka njia mbio mpaka mlangoni kwa Mulunesh.

"Zima umeme."

"Loo! Leo umepotea njia?"

"Kuna mtoto wa watu juu ya jiko langu. Zima kwanza, matusi baadaye."

Mulunesh alikimbia ndani, akazima, akauchomoa waya kabisa. Aliporudi hakutukana. Alikuwa na unga uliokorogwa wa injera mpaka viwikoni, injera za kuuza, ndizo zinazomlisha.

"Na maji yangu? Nimesikia kesho wanakuja kulikata bomba lako. Ulikusudia niamke nikute pakavu?"

Ndivyo Askale alivyokusudia. Alitazama ule unga ukikauka mikononi mwa mwenzake. Kuvuta bomba toka barabarani kulikuwa na ada yake, na Mulunesh hakuwa nayo. Pole pole akalifungua lile pindo.

"Kavute bomba lako."

"Unanikopesha?"

"Mimi sikopi wala sikopeshi. Shika."

"Basi ndiyo unaniomba radhi?"

"Kahawa yangu inaungua," Askale akasema, akageuka.

Ilikuwa imeungua kweli. Akaimwaga, akaanza nyingine, akaweka vikombe viwili. Kisha akamwita Gizachew.

"Ule mlango wa mbao mnauonaje?"

"Mama, umeliwa na mchwa huo. Si ulisema unanunua wa chuma?"

"Ung'oeni taratibu," akasema bila kumtazama. "Usivunjike."