Huduma Alizonizimia Mume Wangu

Bado nina hasira, na ni hasira mbaya kwa sababu aliyeisababisha alikuwa ananisaidia. Angekuwa amenifanyia makusudi ningekuwa nimeshamtukana nikamaliza. Lakini utamfanya nini mtu aliyekuharibia akidhani anakutengenezea?

Nilikuwa nimepata nafasi ya kufanya mtihani wa kazi ya mtandaoni. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unakaa nyumbani mbele ya kompyuta, unawajibu wateja wa duka la ng'ambo wanaolalamika kwamba viatu vyao havijafika. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na Kiingereza changu si kibaya. Sikuwa natafuta cheo. Nilikuwa natafuta njia ya kukaa na mtoto wangu. Binti yetu alikuwa bado ananyonya, hajaanza hata kukaa vizuri bila mto nyuma. Nikikosa kazi hiyo, ningerudi Industrial Area kwenye godauni la sabuni nilikokuwa nafungasha kabla ya kujifungua, na yeye apelekwe kwa mama anayelea watoto wa watu nyuma ya soko. Nilikuwa nimeenda kukiona chumba chake. Nikarudi nyumbani nikaketi kwa kompyuta siku hiyo hiyo nikaanza kutuma maombi.

Kompyuta mume wangu aliinunua kwa wauzaji wa vifaa vya ofisi vilivyotumika. Ni nzito, nyeusi, na ikiwaka inanguruma. Ilichukua meza yote ya kula, basi sisi tukawa tunakula tumepakata sahani.

Sasa lazima nieleze jinsi tunavyoishi, la sivyo mtu atasema mume wangu ni mjinga, na si mjinga. Nyumba yetu hapa karibu na Makadara ina stima ya tokeni, ile unayoinunua kwanza ndipo uitumie. Ukikaa kwenye nyumba ya tokeni miaka kadhaa unakuwa mtu wa kuzima. Mume wangu ndiye bingwa. Akipita sebuleni mkono wake unaenda ukutani wenyewe. Chaja haina simu, anazima. Televisheni imezimwa kwa rimoti, anaenda kuzima na soketi, kwa sababu ile taa ndogo nyekundu nayo inakula. Swali lake ni moja: "Hii iko hapa inafanya nini?" Ukikosa jibu la haraka, kimezimwa.

Siku moja kabla ya mtihani nilijaribu yale maswali ya mazoezi na mashine ikawa inajikokota. Ukibonyeza, unangoja. Mume wangu alikuwa ametoka kazini, amekula, amempakata mtoto. Akaniambia, "Hebu toka hapo nikupunguzie mzigo."

Nikaenda kuosha vyombo. Nilimsikia akiongea na mtoto kama kawaida yake. "Unaona hii? Hii inarun na hakuna mtu ameituma. Hii pia. Wah, hii nyumba ina wageni wengi." Mtoto akacheka, mimi nikacheka. Halafu akaniita, "Mama, kuna vitu mob sana zimewaka huku ndani na hakuna mtu anazitumia."

Nikasema, "Zima basi."

Maneno hayo nilisema mimi, nikiwa na sufuria mkononi, bila hata kugeuka kuangalia skrini.

Asubuhi alitoka mapema kwenda kazini. Anaendesha folklifti kwenye bohari moja kule kule Industrial Area. Nikamwogesha mtoto, nikamnyonyesha mpaka akashiba, nikampeleka kwa jirani wa mlango wa pili. Huyo ni mama wa Kiislamu anayeuza madera na mashuka kwa jumla, na siku hiyo alikuwa amechelewa kwenda dukani kwa ajili yangu, kwa kuwa mtihani ulitaka uwe peke yako chumbani, kamera imewashwa, bila sauti ya mtu. Simu haikubaliwi, na saiba ya watu, kwenye kompyuta za kulipia, haikubaliwi.

"Leta bibi arusi wangu," akasema akimpokea. "Wewe nenda ukaandike. Ukianguka usinigongee mlango, huyu amekuwa wangu."

"Nikipita nitakununulia dera."

"Dera ninalo duka zima, mama. Niletee biriani."

Nikawasha kompyuta. Ikanguruma, ikafunguka, na pale pembeni penye alama ya mtandao pakawa na msalaba mwekundu.

Nilifanya kile ambacho kila mtu wa jengo letu hufanya. Nilikimbilia juu kwenye paa. Intaneti yetu inakuja na waya unaopita paani sambamba na kamba za nguo kisha unashuka kuingia dirishani, na mtandao ukipotea kosa huwa ni la anayefua. Kweli nikakuta blanketi zito, bichi, limeanikwa juu ya waya wetu, waya umelegea kama tumbo. Nikalivuta nikalitupa kwenye sakafu. Nikasimama kwenye ngazi nikatangazia jengo lote kwamba mwenye blanketi hana adabu. Jirani yangu akafungua mlango mtoto akiwa begani.

"Dadangu, pole. Lakini simu yangu iko kwa waifai yenu na sasa hivi naangalia bei za nguo."

Nilimsikia na sikumsikia. Niliingia ndani nikaanza kuchomoa waya na kuuchomeka, nikipuliza ncha yake kama mtu anayepuliza jiko. Ndipo nikashika simu yangu mwenyewe, nikaona ujumbe unaingia bila shida. Intaneti ilikuwa ndani ya nyumba. Haikuwa ndani ya kompyuta. Wakati wote ule wa paani ulikuwa bure.

Nikawapigia wenye mtandao. Kijana akaniambia nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe.

"Sasa?"

"Bado."

"Basi shida iko kwa mashine yako, madam. Huku sisi tuko sawa."

Nikamkatia simu. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo sababu nilimkatia.

Nikaiambia mashine yenyewe itafute ugonjwa wake. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema kwamba huduma ya kuitafutia kompyuta anwani kwenye mtandao imezimwa. Mimi sikujua kompyuta ina huduma. Nikaitafuta, nikaibonyeza iwake, ikakataa. Ikasema inategemea nyingine ambayo haijaamka. Nikaenda kwa hiyo nyingine, nayo imezimwa. Ni kama kumwamsha mtu akuambie hatoki kitandani mpaka ndugu yake aamke kwanza, na ndugu yuko chumba kingine na mlango umefungwa. Nikateremka kwenye ukurasa ule, nikaona imezimwa, imezimwa, imezimwa, na nikaujua mkono uliopita hapo.

Kazini kwa mume wangu, wakati wa kupakia mizigo, simu zao hubaki kwa mlinzi wa lango. Nilipiga mpaka nikachoka kusikia sauti ile ile. Alipokuja kushika ilikuwa mapumziko ya chai.

"Ulizima nini?"

"Wapi?"

"Kwa kompyuta. Jana. Ulizima nini?"

Nyuma yake nikasikia lori likirudi kinyumenyume.

"Zile hazina kazi."

"Zipi?"

"Sijui majina, mama. Ni Kizungu kirefu. Kulikuwa na moja ya printa, na sisi hatuna printa. Zingine nikaona ni jamaa zake."

"Na ya mtandao je?"

"Hakuna iliandikwa intaneti. Ningeiona ningeiacha. Kwani nini?"

"Rudi kwa chai yako," nikamwambia.

Nikazirudisha moja moja, nikisoma kwenye simu ipi inaegemea ipi. Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa ameanza kulia, na jirani anamwimbia. Nikazima kompyuta nikaiwasha upya. Mashine ile haina haraka hata mtu akifa mbele yake. Hatimaye msalaba ukatoka. Nikafungua ukurasa wa mtihani, na mtandao ulikuwa safi, wa kasi, maandishi yalitokea mara moja. Yalisema muda wangu wa kuanza umepita. Niliwaandikia nikawaeleza kila kitu. Wakajibu kwa adabu sana kwamba mtu hupewa nafasi moja.

Jioni mume wangu alifika na nyama choma iliyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amenunua ya kusherehekea, au ya kuomba msamaha, sikuuliza. Akasimama mlangoni.

"Ulipita?"

Nilimwambia. Halafu nikamwambia asiguse tena kitu chochote humu ndani asichokijua. Nilitaka anijibu. Nilitaka aseme, lakini wewe ndiye ulisema nizime. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi huo siku nzima. Yeye akasema, "Sawa," akaweka nyama mezani kando ya kibodi, akaenda kumchukua mtoto kwa jirani.

Na kweli hajagusa. Siku hizi akitaka kusikiliza habari ananiuliza kama anaweza kuwasha redio. Nikimwambia awashe tu, anawasha, lakini ananiangalia kwanza.

Jumatatu iliyofuata ni yeye aliyembeba mtoto hadi nyuma ya soko, mimi nikiwa na mfuko wa nepi. Godaunini, wiki ya kwanza, maziwa yalikuwa yananijaa kabla ya saa sita, nikawa naenda kuyakamua chooni, yanaingia kwenye sinki na povu la sabuni. Wiki iliyofuata yakapungua. Baadaye yakakata. Mtoto anakunywa chupa sasa na amenenepa, siwezi kusema hakunenepa. Nikimchukua jioni hageuki kutafuta titi. Anashika kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwangu, anakitia mdomoni, na tunaenda nyumbani hivyo.