Magome ya Mkoko na Shamba la Abdala

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya mikono ya mdogo wangu Elia. Mimi na yeye tuna karakana ndogo ya kusindika ngozi za mbuzi, na miaka yote tumetumia chumvi ya kromu, kemikali ya dukani, kama wenzetu wengi. Mwaka huu vidole vyake vilianza kupasuka na kutoa maji. Kisha jirani anayelima mchicha bondeni akaja kutuonyesha matuta yake yaliyonyauka pale maji ya karakana yetu yanapopita. Hakugomba. Aliyaonyesha tu, akaondoka, na siku hiyo hatukufanya kazi tena.

Binamu yetu Grace anafundisha shule Mtwara. Tulipomsimulia kwa simu, alisema huko kuna mwanamke anayesindika ngozi kwa magome ya mkoko, hatii kemikali yoyote, na ngozi yake inatoka nyekundu kama udongo wa Masasi. Elia alinihimiza niende, nirudi na magunia ya magome kadiri nitakavyoweza kubeba.

Nililala Dar es Salaam, na asubuhi nikapanda basi la kusini. Baada ya Kibiti abiria walipunguza kuongea. Mingoyo tulinunua korosho za kukaanga dirishani, na jua lilipokuwa linashuka tukaingia Mtwara. Grace alinipokea stendi, akanipeleka kwake Rahaleo. Wakati wa chakula nilimweleza habari ya magunia. Akasema nimsikilize kwanza yule mwanamke mwenyewe.

Kesho yake tulikwenda Ziwani. Yule msindikaji, Bi Somoe, ni mama wa makamo, mkulima wa korosho na muhogo, mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha barazani, akatuletea muhogo wa kuchemsha, ndipo akanitolea kipande cha ngozi. Sijawahi kushika ngozi ya mbuzi laini namna ile. Nilimwambia nimekuja kununua magome.

"Magome siuzi, dada," alisema. "Wala siyatumii tena. Kula kwanza, halafu nikupeleke ukaone."

Njiani kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma alinieleza kwamba ufundi huo aliurithi kwa mama yake, aliyekuwa akibandua gome kidogo kwa ajili ya ngozi chache za nyumbani. Yeye ndiye aliyeufanya biashara. Wanunuzi wa mjini waliupenda ule wekundu, wakasifu kwamba ni kitu cha asili, kisichodhuru. Akafundisha wenzake. Wenzake wakafundisha wengine. Mkoko ukibanduliwa gome kulizunguka shina hauponi, lakini hufa polepole, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona kilichokuwa kinatokea.

Tulipofika mtoni niliona mwenyewe. Ukingoni kote ilikuwa imesimama mikoko ya kijivu isiyo na jani, mizizi yake ikining'inia hewani kwa sababu udongo ulishachukuliwa na maji. Nyuma yake palikuwa na majaruba ya mpunga, au yaliyokuwa ya mpunga. Sasa ardhi ilikuwa tupu, imefanya ukoko mweupe wa chumvi. Mwanamume mmoja alikuwa aking'oa nguzo za uzio na kuzifunga mafungu.

"Yule ni kaka yangu, Abdala," alisema Bi Somoe. "Shamba ni lake. Alilima hapa tangu kijana."

Yeye hakuteremka. Alibaki juu ya tuta na Grace, mimi nikashuka kumsalimu. Abdala alinipokea kwa heshima, akanipisha mahali pakavu pa kusimama. Nilimwambia mimi ni fundi wa ngozi kutoka Dodoma. Aliniangalia kidogo, kisha akanisimulia jinsi, baada ya mikoko kufa, maji ya bahari yalivyoingia kwanza pembeni, yeye akajenga tuta, tuta likaondoka, akajenga jingine. Alikuwa anahamia Nanyamba, kulima mikorosho ya shemeji yake.

Nilipoaga, alitazama juu alikosimama dada yake.

"Mwambie sina hasira naye," alisema. "Aliposifiwa, sisi pia tulifurahi. Lakini hapa siwezi kumkaribisha, maana sina tena pa kumkaribisha."

Niliyapeleka maneno hayo kama yalivyo. Bi Somoe aliyasikiliza, akavuta mtandio wake, akaanza kutembea mbele yetu.

Siku zilizofuata alinifundisha anachofanya sasa. Anachukua ile ngozi nyembamba nyekundu inayoifunika punje ya korosho, ambayo akina mama wabanguaji huitupa, anailoweka mpaka maji yakolee rangi, kisha anazamisha humo ngozi za mbuzi zilizokwisha kutolewa manyoya kwa chokaa. Alinionya nisichanganye na ganda gumu la nje, kwa kuwa mafuta yake huunguza. Alinionya pia kwamba maji yaliyotumika nayo huua samaki, hivyo huyaacha shimoni yakauke. Kazi huchukua majuma, na ngozi hutoka ya kahawia. Wanunuzi wake wengi hawajarudi.

Siku ya kuondoka tulipita Shangani kununulia nyumbani zawadi ya samaki wakavu. Kijana wa pikipiki aliyebeba mizigo yangu na gunia la zile ngozi nyekundu za korosho, aliposikia kazi yangu, alisema anajua mahali magome bado yanapatikana, bei nafuu. Nilimshukuru, nikakataa, na moyoni nikajua kwamba juma moja kabla ningekubali.

Dodoma tulijaribu, na ngozi ya kwanza ikaoza. Ya tatu ikakubali. Vidole vya Elia vimeanza kufunga, na jirani amepanda tena mchicha, ingawa bado haujashika vizuri. Wateja wakiulizia ile nyekundu ya Mtwara, mimi huwaeleza habari ya majaruba ya Abdala. Wengine hununua ya kahawia, wengine huaga.

Grace alinipigia juzi. Abdala ameshahama. Bi Somoe anapanda miche ya mikoko ukingoni, peke yake, na mingi inasombwa kabla haijashika. Tulikuwa tunaita safi chochote kilichotoka mtini. Hatukuuliza mti wenyewe ulikuwa umezuia nini.