Kalikoti Niliyoitembeza Bila Kuisoma

Habari hii sikuipeleka mwenyewe shuleni, ilinitangulia kufika kwa picha za simu, basi heri na nyinyi muisikie kutoka kinywa changu: mimi, mwalimu niliyesahihisha daftari za nusu ya watoto wa Kalemie, nilipita mbele ya parokia siku ya Mungu, nikiongoza watu kwa maandishi ambayo sikuyasoma.

Kwanza mujue nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ninayo hata sasa. Redioni walisema kuna sheria inapendekezwa kule Kinshasa, kwamba muntu akimutukana Mungu afungwe. Nikamufikiria Mama Feza, jirani yangu anayeanika ndakala pale ufukoni. Mvua ilimuharibia samaki siku tatu mfululizo, akaangalia juu akauliza kama Mungu naye amelala. Mwanamuke waliyekuwa wakigombania naye sehemu ya kuanikia akamushitaki kwa pasta wao, na mama wa watu akasimamishwa mbele ya kanisa nzima aombe musamaha. Hiyo ni bila sheria. Wakiipitisha je? Kila mwenye ugomvi wa kiwanja atakuwa shahidi wa Mungu. (Na mimi ni Mukatoliki, ninasali, musinitazame hivyo.)

Basi tukakusanyika watu kama makumi mawili, walimu, wavuvi na akina mama wa soko, tukaomba ruhusa ya kutembea, tukapewa. Maneno ya kalikoti, kile kitambaa cha maandishi cha kubeba kwenye maandamano, niliyatunga mwenyewe: HATUTAKI SHERIA YA KUFUNGA WATU KWA JINA LA MUNGU. Siku moja kabla, Papa Kasongo, muchoraji wa vibao, akanipigia simu kwamba kitambaa ni kifupi, maneno hayaenei. Nilikuwa katikati ya mitihani ya wanafunzi, kalamu mukononi, nikamujibu afupishe, yeye si mutoto. Kosa lenyewe njo hilo, halikumaliza hata dakika.

Kesho yake alituletea kalikoti imekunjwa, wavuvi wawili wakaikunjua wakashika miti yake, mimi nikiwa tayari nimetangulia na megafoni, na wenzetu wote wako nyuma ya kitambaa, maana yake walioona upande wenye maandishi ni watu wa barabarani peke yao. Nikaona wenye pikipiki wanasimama na kushangaa, nikafikiri tumewagusa roho, nikazidisha sauti: someni, someni vizuri, muwaambie na wengine (ndiyo, nilisema hivyo, kwa megafoni). Hapo misa ikatoka, na kati ya waimbaji akatoka mama yangu mzazi, rozari ingali mukononi. Akasoma. Akanisogelea polepole, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, Mungu amekukosea nini?"

Nikageuka. HATUTAKI SHERIA YA MUNGU.

Nikajaribu kueleza, lakini megafoni ilishachukuliwa, kitambaa kinavutwa huku na huku, mchanga unarushwa, kiatu changu kimoja kikabaki kwenye mutaro, na polisi wakanipeleka ofisini kwao, wakisema ni kwa usalama wangu. Komanda akamupigia Papa Kasongo, naye akathibitisha kwa heshima zote kwamba mwalimu mwenyewe alisema afupishe. Komanda akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akafunga daftari yake.

"Mwalimu, una bahati sheria hiyo haijapita. Ingekuwa imepita, leo ungelala humu ndani."

Bahati. Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja nikilitafuna neno hilo, na haya ikageuka hasira kubwa kuliko ya asubuhi, kwa sababu alisema kweli: ningefungwa kwa ajili ya kitambaa kilichopungua, na wale waliorusha mchanga wangetoa ushahidi kwa roho safi kabisa.

Wenzetu saba walituacha, siwalaumu. Sisi tuliobaki tulitembea tena wiki iliyofuata, njia ileile, na kabla hatujaanza, kalikoti mupya ikiwa imekunjuliwa, nilivuka barabara nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mutoto wa darasa la kwanza. Mama hakutembea nasi. Alisimama kando, akasoma, midomo ikitikisika, akafika mwisho, akaanza upya.

Kupinga sitaacha. Lakini kumuambia muntu kwenye simu afupishe maneno yangu, hilo nimelikataa mpaka kaburini, na hata hapo jiwe lenyewe ningependa nilisome kwanza.