Ufunguo wa Sabina

Ipo Jumatatu moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naacha ninachokifanya. Nakusimulia wewe kwa sababu wiki hii umeanza kazi kwenye ofisi hii yetu ya Ifakara, na asubuhi nimekusikia ukimwomba mwenzako nywila yake ili kazi isichelewe. Keti kidogo.

Mnaniita mzee kwa ajili ya hizi mvi, nami sikatai. Wakati ule nilikuwa sijafika thelathini, nimetoka chuo Morogoro, na nilijiona ninajua. Tulikuwa watatu: Mama Oliva, msimamizi wetu, ambaye hakuwa fundi wa programu, mimi, na Sabina, binti wa watu wa Mahenge, mpole, mwandiko wake mzuri kama wa mwalimu. Programu yetu ilipokea maombi ya dawa kutoka zahanati za bonde hili. Muuguzi anatuma ombi kwa simu, Jumatatu orodha inachapwa ghalani, gari linapakia na kuondoka.

Kabla yangu, kila badiliko la programu Sabina alilipeleka kwenye seva, ile kompyuta kuu inayoendesha programu, kwa mikono yake. Alikuwa na daftari. Akishapeleka, anafungua kijiji kimoja kimoja kuona kama maombi yake yanafika, Namawala, Mngeta, mpaka Masagati kule mbele ya Mlimba, anaweka alama ya kalamu. Nusu ya asubuhi inakwisha. Mimi nilikaa pembeni nikihema kwa kukosa subira.

Basi nikatengeneza tulichokiita bomba. Unaandika badiliko lako, bomba linalichukua lenyewe, linajenga programu, linaipima, ikifaulu linaipeleka kwenye seva bila mtu kugusa. Daftari la Sabina nililigeuza kuwa vipimo vya bomba. Ilikuwa kazi nzuri, sitaki kukudanganya. Sabina mwenyewe alifurahi akasema sasa atapata muda wa kujifunza mambo mapya.

Lakini bomba lilihitaji ufunguo wake lenyewe wa kuingilia kwenye seva, na ufunguo huo unaombwa kwa barua. Sikutaka kungoja. Nikamwomba Sabina aniazime wa kwake mpaka wa bomba utakapopatikana. Akanipa bila kuuliza. Barua sikuiandika. Tangu siku hiyo kila kilichopelekwa, hata kama nimekiandika mimi, kilisomeka kuwa kimepelekwa na Sabina.

Kulikuwa na jambo la pili. Kipimo cha Masagati kilikuwa kikiwaka nyekundu kila mara, na kikiwaka bomba linasimama. Muuguzi wa kule alilazimika kupanda kilima kutafuta mtandao, kwa hiyo maombi yake yalifika yamechelewa. Ningeuliza, ningeambiwa. Nilichoka na ule wekundu, nikaliagiza bomba likiruke kipimo hicho. Nilijiambia ni kwa muda.

Ijumaa moja nikaandika badiliko la kufuta maombi yaliyojirudia. Nilikosea. Lilifuta pia kila ombi lililochelewa. Bomba likapima, likaona kijani kitupu, likapeleka. Siku hiyohiyo Sabina alikuwa amesahihisha neno moja kwenye fomu, likaenda pamoja na la kwangu.

Gari lilikwenda Mlimba mara mbili bila sanduku la Masagati. Mvua zikafunga njia.

Jumatatu hiyo ninayokwambia, akaingia ofisini mama mmoja, gauni limelowa tope mpaka magotini. Alikuwa muuguzi wa Masagati. Alikuja kwa mguu, kwa bodaboda, kisha kwa treni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kiti. Hakupandisha sauti. Alitoa simu akatuonyesha kuwa ametuma ombi mara tatu. Akasema sindano za malaria kali zilimwishia, wagonjwa wamebebwa kwa machela mpaka Mlimba, na mmoja wao, msichana wa darasa la pili, amepona lakini masikio yake hayasikii tena vizuri.

Mama Oliva akafungua kumbukumbu za seva. Akasoma kwa sauti tarehe, saa, na jina la Sabina.

Sabina akasogea akaisoma tarehe ile mwenyewe. Akasema, "Ijumaa ile niligusa fomu. Labda nilibonyeza kitu." Kisha akamgeukia yule muuguzi, akapiga goti, akamwomba msamaha.

Mwanangu, mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Nilishajua. Nilijua tangu yule mama alipolitaja jina la Masagati. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nikajiambia nitasema mchana tukiwa wachache, na mchana nikajiambia nitasema kesho. Nililitafuta kosa langu, nikalirekebisha kabla jua halijazama, na Mama Oliva akanisifu mbele ya Sabina kwa wepesi wangu.

Sabina aliondolewa kwenye kompyuta, akapewa kupanga makaratasi. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Ufunguo wake ulipofungwa, bomba likasimama, ndipo nikaandika ile barua. Jibu lilikuja baada ya siku nne.

Nilikaa na siri ile miaka tisa. Nikapanda cheo, nikaoa, nikapata watoto wanaosikia nikiwaita. Mwishowe nikafunga safari mpaka Mngeta, nikamkuta Sabina kwenye mizani ya mpunga, anaandika uzito wa magunia kwa kalamu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama juani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo siyo ile fomu?"

Nikamwambia siyo.

"Hapa walinipa kompyuta nikaikataa," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza nilibonyeza nini."

Hakunitukana, na hakusema amenisamehe. Gunia lilikuwa linangoja, akarudi kwenye mizani. Nilikwenda pia kwa Mama Oliva, amestaafu, nikamwambia. Alilia. Masagati nilifika, lakini yule msichana alikuwa ameolewa mbali.

Kwa hiyo nakuomba, mrudishie mwenzako nywila yake leo. Bomba liwe na ufunguo wake lenyewe, na kila kazi isomeke kwa jina la aliyeifanya, hata kama barua itachukua mwezi. Kipimo kikiwaka, usikizime kabla hujajua ni nani aliye upande wa pili, na kwa nini anachelewa. Makosa utayafanya, hakuna fundi asiyeyafanya, na mengi hurekebishika. Nilichoshindwa kukirekebisha mimi ni ile dakika moja Sabina amepiga goti, nami nipo. Ukikosea, sema wakati uliyemkosea bado yuko mbele yako. Kesho yake si yeye tena, na wewe si yule yule.

Mungu akubariki mwanangu. Aibariki mikono yako na wale usiowaona wanaoitegemea, na siku ya kusema ikifika, akupe sauti mapema.