Viazi vya Maotea

Malori yalipokuja kuwachukua Wagikuyu wa kambi ya msitu, kule juu ya Londiani, Wanjuhi alikuwa shambani akipalilia. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na amri iliyofika ni kwamba wote warudishwe kwao, hata wale waliozaliwa hapo hapo na hawakuijua njia ya kwao. Mumewe Thuo alikuwa amekwisha kupandishwa. Wanjuhi aliruhusiwa kubeba blanketi, sufuria na binti yake Nyathira mgongoni. Akipita mbele ya nyumba ya jirani yake, Tecla Chepngeno, alipunguza mwendo kidogo, askari akiwa nyuma yake.

"Mama Chebet, niangalizie viazi," alisema. "Nikirudi nivikute."

"Utavikuta," Tecla akajibu.

Hawakupata nafasi ya kusema zaidi. Lori liliteremka kwenye tope, na Tecla akabaki amesimama mlangoni mpaka mlio wake ukapotea.

Wanawake hawa wawili walikuwa wamelima ubavu kwa ubavu tangu Tecla alipoletwa hapo akiwa bibi arusi. Vibarua wa msitu walipewa vipande vya kulima katikati ya miche ya miti, na kipande cha Tecla kilipakana na cha Wanjuhi. Tecla alitoka upande wa Sotik, anajua wimbi na mahindi tu. Viazi alifundishwa na Wanjuhi, na mbegu yake ya kwanza ilitoka kwenye kikapu cha Wanjuhi. Alipojifungua Chebet, mumewe Kipkosgei yuko kazini ndani ya msitu, ni Wanjuhi aliyempokea mtoto. Kwa hiyo neno alilolitoa Tecla pale mlangoni halikuwa neno dogo kwake.

Alivichimba viazi vya rafiki yake vilipokomaa, akavihifadhi, vikaoza kwa kukaa. Lakini viazi havimaliziki ardhini. Vile vidogo vilivyosahaulika kwenye matuta vilichipuka mvua iliyofuata, vikasongamana, vikachanganyika na magugu. Tecla aliviacha. Kila alipovitazama aliona kama mwenyewe bado yupo. Viazi hivyo vya maotea ndivyo vilivyomtia matatani.

Mvua za mwaka wa hamsini na nne zilikatika mapema, likaja jua kali katikati ya msimu. Asubuhi moja Tecla aliona majani ya viazi vyake, yale ya mstari wa mpakani, yamejikunja kuelekea juu kama mtu aliyekunja kiganja. Mashina yalikuwa yamedumaa, rangi imefifia. Siku zilizofuata ugonjwa uliingia ndani zaidi ya shamba lake, kisha ukaonekana kwa jirani wa pili. Watu wa mteremko ule wakaanza kunong'ona. Wengine walisema lile shamba limeachiwa laana na wenyewe. Kipsang, nyapara wa vibarua, hakusema habari za laana. Alimwambia Kipkosgei kwamba pale pasipofyekwa, watu watapafyeka wenyewe, na ikiwezekana wapachome.

Bwana shamba wa eneo lile alikuwa Alexander Bosire, Mkisii mpole aliyezunguka na baiskeli yake hata mahali ambapo ilimbidi aibebe begani. Alipofika alikwenda moja kwa moja mpakani. Aliingia kwenye matuta ya Wanjuhi, akapiga magoti, akageuza jani na kumwita Tecla aje aone. Chini ya jani walikuwa wamebanana wadudu wadogo wa kijani, laini, kama chembe za unga wa wimbi mbichi. Baadhi walikuwa na mabawa.

Akamweleza kwamba hao huitwa vidukari. Hunyonya utomvu wa shina lililougua, kisha wanaruka, wanapelekwa na upepo, na wanapoanza kunyonya shina zima wanaliambukiza. Ndivyo virusi vinavyoenea, ingawa neno hilo Tecla hakulisikia siku ile; Bosire aliviita ugonjwa usioonekana kwa macho. Alisema dawa ya unga ingeua wadudu lakini haitaponya shina lililokwisha kuugua. Ubaya zaidi, ugonjwa hushuka mpaka kwenye kiazi chenyewe, ukalala humo, na ukikipanda tena unaupanda pamoja nacho.

"Hili shamba ndilo mama wa huu ugonjwa," alisema. "Mama, ling'olewe lote. Kabla ya hao wenye mabawa kuzidi."

Tecla alimwambia hawezi, kwa sababu si lake. Bosire alitazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni la wale waliohamishwa. Tecla akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari nyingine. Msituni mlikuwa na wapiganaji, na askari walikuwa wakimtafuta yeyote anayewapelekea chakula. Tayari walikuwa wamemuuliza Kipkosgei ni nani anayehudumia viazi vya Mgikuyu pembeni mwa msitu, na kwa faida ya nani. Kipkosgei alirudi nyumbani siku hiyo. Alimwambia mkewe wazi kwamba akionekana tena kwenye matuta yale, watafukuzwa wote, au watafungwa.

Tecla hakulala vizuri siku hizo. Akiviacha viazi, mteremko mzima utakosa chakula na mbegu, na kosa litakuwa lake. Akiving'oa, amemng'oa Wanjuhi kwa mkono wake mwenyewe. Bosire alipopita tena, Tecla alimwuliza kama hakuna hata shina moja la kuokoa. Bwana shamba alifikiri, akasema huenda yapo machache yaliyo mazima. Aliwekee kijiti kila shina lenye majani yaliyolala vizuri, achimbe viazi vyake vidogo, avipande mbali, ng'ambo ya kijito, ambako upepo wa huku haufiki moja kwa moja. Mengine yote yateketezwe. Na hata hayo mazima yanaweza kumdanganya. Itabidi ayachunguze msimu baada ya msimu.

Basi akaenda asubuhi, Kipkosgei akiwa kazini. Alitembea tuta kwa tuta, akichomeka vijiti penye shina zima. Hayakuwa mengi. Alianza kuchimba yale ya kwanza kwa mikono, akifunga viazi kwenye pindo la leso yake. Vilikuwa vidogo kama mayai ya kwale. Aliposikia nyasi zikivunjika nyuma yake, alijua bila kugeuka kwamba hao si watu wa kijijini.

Walikuwa askari, na sajenti wao mbele.

"Simama. Weka mikono nione," sajenti alisema. "Unamchimbia nani?"

"Sichimbii mtu, afande. Ninatoa mbegu."

"Mbegu kwenye shamba la Mgikuyu aliyeondoshwa? Na hizo ulizofunga kiunoni zinakwenda wapi? Msituni?"

Askari mmoja alikuwa ameishika bunduki kwa mikono miwili. Tecla aliona kidole chake, akaona pia kwamba kijana huyo mwenyewe alikuwa akiogopa, na hilo likamtisha zaidi. Alinyoosha mkono polepole, akang'oa tawi lililokunjamana, akampa sajenti.

"Lifinye," alisema. "Likiwa zima linalainika. Hili limeugua. Na hivi viazi havijakomaa, afande. Mtu wa kulisha watu angengoja vikomae."

Sajenti alilifinya jani. Likavunjika kwa mlio mkavu, kama ganda la mahindi. Alilitazama, akalitupa, akamwambia Tecla atakwenda kuyaeleza hayo kituoni.

Walimketisha chini, nje ya kibanda chao, viazi vyake vikiwa vimepangwa juu ya meza kama ushahidi. Jua lilimpiga kichwani. Alimfikiria Chebet aliyemwacha kwa bibi yake, akafikiria habari za wanawake waliopelekwa Nakuru na hawakurudi. Alipoulizwa ni nani aliyemtuma, alimtaja Bosire, na mara tu alipomtaja akajuta, kwani alijua amemwingiza mtu mwingine kwenye moto.

Bosire aliitwa. Alifika amelowa jasho, akaegemeza baiskeli, na kwa muda hakumtazama Tecla. Ilikuwa rahisi kwake kukana. Mtu wa mbali kama yeye, anayelala nyumba ya kupanga, hakuwa na wa kumtetea.

"Ni mimi niliyemwagiza," Bosire alisema. "Kama kuna kosa, liandikwe kwangu."

Walimhoji yeye zaidi ya walivyomhoji Tecla. Mwishoni sajenti alichoka, akavisukuma viazi kwa fimbo mpaka ukingoni mwa meza, akamwambia mwanamke avichukue aondoke, na asionekane tena kule.

Tecla alirudi jioni kukiwa bado na mwanga. Kabla hajafika aliona moshi. Kipsang na watu wake walikuwa wamelimaliza shamba la Wanjuhi. Kila kitu kiling'olewa, vijiti kwa mashina, vikarundikwa na kuchomwa pamoja. Kipkosgei alikuwa miongoni mwao, jembe mkononi, magoti yamejaa udongo.

Tecla alisimama mbele ya mumewe. Alimwuliza kama hakuviona vijiti.

"Niliviona," Kipkosgei akasema. "Niliambiwa umekamatwa. Nilikuwa naokoa nyumba yangu."

Hawakugombana. Lakini ilipita miezi kabla ya Tecla kumwita mumewe kwa lile jina walilokuwa wakiitana wakiwa peke yao.

Viazi vilivyosalia ni vile alivyokamatwa navyo. Alivipanda ng'ambo ya kijito mvua iliporudi. Baadhi vilichipuka vimekunjamana. Akaving'oa, mmea pamoja na kiazi chake, bila kungoja kuambiwa. Kwenye shamba lake mwenyewe aling'oa mistari mizima, akanyunyiza dawa ya unga aliyopewa na Bosire, na akakata mashina mapema yakiwa bado kijani, ili wadudu wasipate muda wa kushusha ugonjwa ardhini. Mama mkwe wake alilia kuona mashina mabichi yakikatwa. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba na walikula uji zaidi ya chakula kingine. Ila mbegu ilikuwa safi, na polepole watu wa mteremko, na Kipsang pia, wakawa wanakuja kwake kuomba.

Wanjuhi alirudi mwaka wa hamsini na tisa, amekonda, na Nyathira amekuwa msichana. Thuo alifia kizuizini. Walikodi kipande karibu na mji wa Londiani. Tecla alimweleza yote, hakuficha lolote, hata la Kipkosgei. Wanjuhi alisikiliza akimenya viazi, kisu hakikusimama.

"Mimi nisingeng'oa," alisema mwishowe.

"Najua," Tecla akasema.

Msimu ulipoanza, Tecla alimteremshia mbegu kwa punda, na zilipoota wakapita kwenye matuta pamoja. Katikati ya shamba Wanjuhi alikuta shina moja lililokunja majani. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Tecla alishika kikapu tu akangoja, mpaka rafiki yake alipoinama, akalishika shina karibu na udongo, na kulivuta.