Foleni ya Namba Tisa

Timu yetu ya mpira wa kikapu, katika shule moja ya bweni karibu na Uriri, ilikuwa na wachezaji wengi kuliko viatu vya raba. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Raba za shule zilikuwa jozi saba, na mwalimu alizifungia ofisini pamoja na chaki. Aliyetoka uwanjani alizivua, aliyeingia akazivaa zikiwa bado na joto la mwenzake. Kwa hiyo mwalimu hakubadilisha wachezaji kwa kipaji pekee. Alibadilisha kwa miguu.

Mguu wangu ulikuwa namba tisa. Raba za namba tisa alizivaa nahodha, kijana asiyejua kuchoka, na nyuma yake walisubiri wawili wenye mguu huohuo na mikono bora kuliko yangu. Aliyevaa namba nane, kwa upande mwingine, alikuwa mvivu na alianza kuhema mapema. Nikawaza kwamba nikikunja vidole ningeweza kuhamia foleni yake, iliyokuwa fupi. Muhula mzima nilifanya mazoezi ya kukunja vidole wakati wa hisabati. Leo nina shahada na sina kazi, na nikikuta watu wamepanga mstari mlangoni pa ofisi, bado naangalia viatu vyao kwanza.

Kisha tukaenda kucheza Homa Bay. Mama, aliyeuza dagaa wa omena huko Sindo, alikuwa ametuma habari kwamba atakuja kunitazama, maana likizoni nilimwambia mimi ni mchezaji. Nilitaka jambo moja tu: anione uwanjani, hata kidogo.

“Omera, ndugu, mama yako si yule wa mwavuli?” nahodha aliniuliza akifunga kamba. “Utamwonyesha nini, namna ya kukalia benchi?”

“Choka kidogo basi, ndugu yangu.”

“Nichoke? Kwani mimi ni babako?”

Wapinzani wetu walikuwa sita tu. Walicheza bila kupumzika mpaka wakawa wanashika magoti, nami nikawaonea wivu, kwa sababu kwao hata mimi ningecheza. Kipindi cha pili tukawa tumewaacha mbali sana. Mwalimu akaona huruma, akaanza kuingiza watu wa benchi. Nahodha akavua raba. Wa pili akazivaa, akavua. Wa tatu akazivaa, akavua.

“Wewe,” mwalimu akaniambia. “Vaa.”

Zilikuwa zimelowa jasho la watu watatu. Nilifunga kamba, nikaona zimelegea, nikafungua, nikafunga tena. Nilipoingia, mchezo ulikuwa unaelekea kwisha. Nikapewa mpira mara moja. Nikawaza kama nipasie au nirushe, na nikirusha nitumie mkono gani, hadi refa akapuliza kipenga, kwa kuwa nilikaa nao kupita muda unaoruhusiwa. Punde akapuliza cha mwisho.

Nilimkimbilia Mama nikiwa nimejaa furaha. Uso wake ulikuwa wa msibani.

“Nyathina, mwanangu, umefanya nini?” akauliza kwa Dholuo.

“Nimecheza, Mama. Hukuniona?”

“Nimekuona. Ulikuwa umeketi vizuri kando ya mwalimu, msafi, wenzako wakitumwa huku na huku juani. Mara akakusimamisha, akakuvisha viatu vya watu, ukaanza kukimbizwa. Na yule wa kipenga akakupigia mbele ya umati. Mwalimu ulimkosea nini?”

Nilianza kumweleza habari ya foleni na miguu. Labda ningeanzia mahali pengine. Kabla sijafika kwenye namba nane, alikuwa ameshachukua mfuko wa omena aliouleta kwa ajili yangu na kumfuata mwalimu. Mwalimu alitoka Ntimaru na hakujua Dholuo, kwa hiyo Mama alitumia Kiswahili chake cha sokoni.

“Mwalimu, samehe yeye. Ni mtoto. Rudisha yeye pale pa kukaa.”

Mwalimu alinitazama, akautazama mfuko, akaupokea.

“Hakuna shida, Mama. Nitamrudisha.”

“Hata kesho?”

“Hata mwaka kesho.”

Mama alirudi Sindo ametulia. Mwalimu naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Hata nahodha alipolazwa kwa malaria na foleni ikapungua, mimi nilibaki palepale kando ya mwalimu, msafi, nikishika chupa ya maji.