Kisasi cha Kaseti Tatu

Bi Mwanabibi hakuwa mtu wa kusahau, na kusamehe alikuwa amewaachia wenye nafasi. Miaka yote aliimba vugo kwenye harusi za Voi, hadi mwaka wa tisini na tatu koo lilipougua na sauti ikaenda, isirudi. Ilibaki kwa Fawaz tu, muuza kaseti wa karibu na stesheni, aliyemrekodi harusini kwa ahadi ya kumpa nakala. Kumbe Fawaz alitoa kaseti tatu, akabandika juu picha ya mkewe, akauza. Bi Mwanabibi alipokwenda kudai, alichekwa.

"Bibi, sauti ni ya mwenye mashine."

Maneno hayo yalimkwama kama mwiba wa samaki. Alitaka kumkomoa, na hakuficha.

Akawaita wanawake uani, akaazima kaseti kwa walionunua. Wakaziweka redio mbili zikitazamana, mlango wakaufunga, watoto wakawafukuza, moja ikaimba na nyingine ikarekodi. Jogoo wa jirani aliwika katikati ya wimbo, wakamwacha humo humo. Sharti lilikuwa moja: ukipata nakala, na wewe wanakilie wengine kabla hujaifungia kabatini. Kazi iliyoanza kwa kujikokota ikashika kasi, maana kila aliyepokea aligeuka mtoaji.

Lakini wote walikimbilia kaseti ya kwanza, yenye wimbo wa kumtoa bi harusi.

"Bi Mwanabibi, iko shida," akasema Mumbe, mshonaji. "Ile ya tatu ni mimi tu niko nayo. Yangu ikikatika, imeisha."

"Basi anzeni na hiyo! Anayeitaka ya kwanza, aje kwanza na ya tatu aliyoinakili."

Walinung'unika, wakatii. Kabla ya Ramadhani zote tatu zilisikika hadi vijiji vya Marungu na Rukanga, na dukani kwa Fawaz hakuingia mtu ila nzi.

Akaja mwenyewe, kofia mkononi. "Mamangu, nakuomba, waambie waache."

"Niwaambie kina nani, Fawaz? Hata mimi siwajui tena. Nikitaka kuwazuia siwezi." Akamsogezea kiti karibu na redio. "Na sitaki. Keti."

Akaibonyeza. Fawaz aliketi akasikiliza upande mzima, jogoo na vyote, na Bi Mwanabibi akamtazama usoni bila kupepesa, huku akichanua kwa furaha.